Ankara moja, wadaiwa wawili: kisa cha mpiga picha na salio lililokwama

Siku ya 64 baada ya kukabidhi picha, mpiga picha mmoja wa kujitegemea alipiga simu idara ya uhasibu ya kampuni aliyokuwa akiidai. Akajibiwa kwamba kwenye vitabu vyao hakuna deni la jina lake, hakuna ankara yake, na yeye mwenyewe hajasajiliwa kama mtoa huduma. Wakati anaambiwa hayo, picha zake zilikuwa zimeshabandikwa kwenye mabango ya barabarani. Akaandika maneno makali ya kuwaanika mtandaoni, na kabla hajayatuma akanipa faili zima nilisome.

Ninachoandika hapa ni kile kilichokuwa ndani ya faili hilo na kilichofuata. Fedha nitazitaja kwa sehemu: bei ya kazi kama ilivyokubaliwa mwanzo ni 100, na kila kiasi kingine kipimwe kwa hiyo.

Kazi ilivyoanza

Kampuni ilitaka picha za bidhaa zake na za wafanyakazi wakiwa kazini. Haikumtafuta mpiga picha yenyewe. Aliyemtafuta ni wakala wake wa matangazo, ndiye aliyeomba nukuu ya bei. Mpiga picha akatuma ukurasa mmoja: siku mbili za kupiga, picha 40 zilizohaririwa, matumizi ya tovuti na katalogi kwa mwaka mmoja, bei 100, "kianzio 40, salio baada ya kazi". Wakala akajibu kwa barua pepe ya mstari mmoja kwamba bei imekubaliwa. Kianzio kikaingia benki kutoka akaunti ya wakala.

Siku ya pili ya kupiga, ofisa masoko wa kampuni alipendezwa na alichokuwa akikiona kwenye kioo cha kamera. Akaomba nusu siku nyingine na picha 15 za ziada. Mpiga picha akamwambia hiyo itaongeza 18. "Weka tu kwenye ankara," akajibiwa. Kesho yake ofisa huyo akamtumia ujumbe wenye orodha ya picha hizo 15, moja moja, na mwishoni akaandika "kwa bei ile ya ziada uliyosema". Ujumbe huo tutaurudia.

Picha zote 55 zilikabidhiwa kwa kiungo cha kupakulia, zikiwa na ubora kamili, kwa wakala na kwa ofisa masoko kwa pamoja. Siku tatu baadaye ikatoka ankara: 118, toa kianzio 40, salio 78. Aliituma kwa ofisa masoko kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizungumza naye kila siku. Mahali pa jina la mlipaji aliandika jina la chapa, lile linalosomeka kwenye bidhaa. Tarehe ya mwisho ya kulipa hakuweka. Aliandika "malipo: mara moja".

Siku ya 21 akakumbushia. Siku ya 35 ofisa masoko akamjibu kwamba ankara "iko kwa wahasibu". Siku ya 50 ofisa huyo alikuwa likizo. Yaliyotokea siku ya 64 nimeshayaeleza.

Nani hasa alikuwa na deni

Ukiyasoma maelezo hayo kwa haraka, unaona kampuni kubwa inamzungusha mtu mdogo. Hivyo ndivyo mpiga picha alivyoyaona, na simlaumu, kwani mabango yalikuwa mbele ya macho yake kila alipotoka nje. Lakini karatasi zilisema jambo jingine. Nukuu ya bei iliombwa na wakala, ikajibiwa na wakala, na kianzio kililipwa na wakala. Kwa zile 100 za mwanzo, kampuni haikuwa imeahidi kitu. Mhasibu aliyesema "hatuna mkataba na wewe" alikuwa akisema kweli kuhusu sehemu kubwa ya ankara ile.

Zile 18 ni habari nyingine. Hizo ziliombwa na ofisa wa kampuni kwa mdomo, kisha akaziandika mwenyewe kwenye ujumbe wenye orodha na kutaja bei ya ziada. Wakala hakuhusika kabisa, na kama angedaiwa hizo angekuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo ankara moja ilikuwa imebeba madeni mawili ya watu wawili tofauti, na ilikuwa imeandikiwa mtu wa tatu asiyekuwepo, kwa sababu jina la chapa halikuwa jina lililosajiliwa la kampuni. Mhasibu halipi chapa. Hata kama ofisa masoko angeipeleka siku ileile, ingerudishwa: jina si lenyewe, namba ya oda ya ununuzi (kibali cha kampuni cha kununua huduma) haipo, na mlipwaji hayumo kwenye orodha ya watoa huduma. Nilipouliza baadaye ilikuwa wapi siku zote hizo, jibu lilikuwa la kawaida kabisa. Ilikuwa kwenye kisanduku cha barua pepe cha ofisa masoko, chini ya nyingine nyingi. Hakuna aliyekusudia kuificha.

Hapo ndipo nilipomwomba asiyatume yale maneno ya mtandaoni. Angekuwa anaituhumu kampuni kwa deni la 78 wakati yeye mwenyewe ana karatasi zinazoonyesha kwamba 60 kati ya hizo anazidaiwa mwingine. Kampuni ingejibu kwa sentensi moja tu, na yeye ndiye angehitaji kujieleza.

Tarehe ambayo haikuwepo

"Salio baada ya kazi" ni maneno yanayoridhisha pande zote mbili siku ya kukubaliana, kwa sababu kila upande unayasoma utakavyo. Mpiga picha alihesabu kazi imekwisha siku alipokabidhi picha. Wakala alihesabu imekwisha kampuni itakapozipitisha. Kampuni, kama ingeulizwa, ingesema katalogi ikishachapwa. "Mara moja" kwenye ankara haikusaidia, kwani idara ya uhasibu hulipa kwa mzunguko, na mzunguko unataka tarehe.

Zipo nchi ambazo sheria huziba pengo hili. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 kuhusu ucheleweshaji wa malipo ya biashara linaweka siku 30 pale ambapo wahusika hawakupanga muda, na baada ya hapo riba inaanza kuhesabika. Uingereza ina sheria ya 1998 inayomruhusu anayedai biashara nyingine kutoza riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha benki kuu. Jiji la New York, kwa sheria iliyoanza kutumika 2017, linataka wafanyakazi wa kujitegemea walipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi kama mkataba hautaji tarehe. Ni sheria nzuri. Lakini zote zinafanya kazi pale tu unapojua unayemdai ni nani na deni liliiva lini, na mpiga picha wetu hakuwa na jibu la hakika kwa lolote kati ya hayo mawili.

Namna yake ya kukumbushia nayo ilichangia. Ujumbe wa siku ya 21 ulisomeka hivi: "Habari za leo, samahani kwa usumbufu, naomba kukumbushia ile hela yangu, hata kama ni kidogo kwanza." Anayepokea ujumbe huu hana cha kufanya nao. Hauna namba ya ankara ya kutafuta, wala tarehe, wala swali linalohitaji jibu. Na maneno "hata kama ni kidogo" yanamwambia mlipaji kwamba deni lote halina haraka. Anayeomba radhi kwa kudai haki yake humfundisha mwenzake kuiona kama fadhila.

Hali ya mfuko wake

Nilitaka kujua kwa nini amebanwa kiasi kile wakati kianzio cha 40 kilikuwa kimelipwa. Jibu lilikuwa kwenye taarifa ya benki. Msaidizi wake, ukodishaji wa taa na lenzi moja, usafiri na chumba cha kupigia picha za bidhaa vilikuwa vimemeza 31. Zilizobaki ni 9. Yaani hadi siku ya 64, kwa siku mbili na nusu za kupiga na siku kadhaa za kuhariri, alichokuwa amekitia mfukoni ni sehemu 9 kati ya 118.

Wengi hupanga kianzio kwa mazoea: nusu, theluthi, au chochote mteja atakachokubali bila kununa. Mimi naona kinapaswa kuanzia kwenye gharama. Hesabu kwanza fedha zitakazotoka mfukoni mwako kwa ajili ya kazi ile, ongeza ujira wa siku za kupiga, na hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Kwa kazi hii kiwango hicho kingekaribia 60. Salio likichelewa, linachelewesha faida peke yake, na chakula cha nyumbani hakiguswi.

Picha zilikuwa zimeshatoka

Wenzake walikuwa wamempa ushauri unaosikika kila mahali: usitoe picha kabla hujalipwa zote. Kwa mteja binafsi, wa harusi au picha za familia, nakubaliana nao moja kwa moja. Kwa kampuni sikubali sana. Kampuni inayolipa kwa mzunguko wa siku 30 haiwezi kukaa siku 30 bila picha za katalogi ambayo mchapaji anaisubiri, itatafuta mwingine. Kinachowezekana ni cha katikati. Unatoa kwanza picha ndogo zenye chapa ya maji (alama hafifu ya mwenye picha) juu yake ili zichaguliwe na kupitishwa, unalipwa sehemu ya pili, kisha unaachilia zenye ubora kamili, na kipande kidogo cha mwisho ndicho kinachosubiri mzunguko wa uhasibu. Kama kimebaki 20 kati ya 100 hakuna anayelala njaa, na hakuna anayetamani kukigombania.

Yeye hakufanya hivyo, na mafaili hayarudi. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakuwa amekitoa. Nukuu yake ilitaja matumizi: tovuti na katalogi, mwaka mmoja. Mabango hayakuwemo.

Alipousoma tena mstari ule alikuwa na mashaka, akidhani kwamba aliyelipia picha ndiye mwenye nazo. Hilo hutegemea nchi. Mkataba wa Berne, ulioanzia 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unalinda picha bila kudai usajili, lakini nani anamiliki picha ya kuagizwa huamuliwa na sheria ya mahali. Uingereza, kwa sheria ya 1988, hakimiliki hubaki kwa mpiga picha wa kujitegemea wasipoandikiana vingine. Afrika Kusini, sheria ya 1978 inampa aliyeiagiza na kuilipia, nayo pia inaruhusu makubaliano tofauti. Kote huko yaliyoandikwa baina ya wahusika yana uzito, na hapa yalikuwa yameandikwa: bei ya 100 ilinunua tovuti na katalogi. Mstari ule mfupi, ambao aliuweka kwa sababu alinakili nukuu ya mpiga picha mwenzake, ndio ulioligeuza jambo zima.

Ankara tatu badala ya moja

Ankara ya zamani ilibidi ifutwe kwanza, na ifutwe kwa karatasi. Silika yake ilikuwa kufungua faili, kubadilisha jina la mlipaji, na kutuma tena kwa namba ileile. Hilo huacha ankara mbili zenye namba moja na yaliyomo tofauti, na siku ya ukaguzi wa kodi hutakuwa na maelezo. Pale inapotozwa kodi ya ongezeko la thamani ni hatari zaidi, kwani ankara iliyotoka na haikufutwa rasmi inaweza kuhesabiwa kuwa mauzo. Akatoa hati ya kuifuta, yenye namba yake na inayotaja ankara inayofutwa, akaituma kwa ofisa masoko na kwa mhasibu.

Kisha, siku ya 67, zikatoka tatu. Ya kwanza kwa wakala, kwa jina lake lililosajiliwa: salio la 60, ikitaja barua pepe ya makubaliano kwa tarehe yake na siku picha zilipokabidhiwa. Ya pili kwa kampuni, 18 za nusu siku na picha 15, ujumbe wa ofisa masoko ukiwa umeambatishwa. Ya tatu haikuwa ankara bado. Ilikuwa nukuu ya leseni, yaani ruhusa ya kutumia picha kwenye mabango, kwa miezi sita, pamoja na barua fupi: picha hizi zinatumika nje ya makubaliano, kampuni ichague kununua leseni au kuziondoa kufikia tarehe fulani. Aliomba 60. Barua haikuwa na tusi wala tishio, na naamini hilo lilisaidia, maana iliweza kuonyeshwa kwa mwanasheria wa kampuni bila kumuudhi mtu.

Ujumbe wa kufuatilia nao ulibadilika: "Ankara ya salio la picha za katalogi, namba iliyoambatishwa, inaiva tarehe 14. Naomba mthibitishe kwamba imepokelewa na idara ya uhasibu na haina kasoro." Sentensi ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Inatumwa mapema, kabla deni halijaiva, na inamlazimu mtu wa upande wa pili kutafuta kasoro sasa badala ya siku 60 baadaye.

Majibu

Wakala alijibu siku ya tatu baada ya kutumiwa ankara: "Sisi hatujalipwa na mteja." Hili ni jibu la kawaida sana kwa mawakala, na husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Kwenye makubaliano hakukuwa na neno lolote linalofungamanisha malipo ya mpiga picha na malipo ya kampuni kwa wakala. Kama lingekuwepo, angekuwa ameukubali ucheleweshaji kwa saini yake. Akajibu kwa upole kwamba analielewa tatizo lao, kwamba masharti hayo hayamo katika makubaliano, na kwamba yuko tayari kupokea kwa awamu mbili zenye tarehe. Wakala akakubali. Awamu ya kwanza ya 30 iliingia siku ya 81, ya pili siku ya 102.

Awamu ya pili ilifika ikiwa 29.8. Alitaka kuandika tena kudai hizo 0.2. Zilikuwa ada za benki za kuhamisha fedha, na nilimshauri aziandike kwenye gharama na kuifunga ankara. Kuna kudai, na kuna kujitafutia kazi.

Kampuni ilichukua muda kwa sababu nyingine: kumsajili. Walitaka namba yake ya mlipakodi, barua ya benki inayothibitisha akaunti, na fomu. Angekuwa amefanya haya kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, kama angeuliza swali moja: nikikuletea ankara, mhasibu wenu atahitaji nini ili ailipe? Kuhusu mabango, ofisa masoko alisema hakujua kuwa kulikuwa na mipaka ya matumizi, na inawezekana kabisa hakujua, kwani nukuu ilikwenda kwa wakala na yeye hakuwahi kuiona. Walibishana kidogo juu ya bei, wakamalizia kwenye 35. Mimi nilidhani angeweza kushikilia 45, lakini alitaka kazi ijayo, na uamuzi ulikuwa wake.

Siku ya 109 kampuni ikalipa. Alitarajia 53, yaani 18 na 35. Zikaingia 50.35, na simu yake kwangu ikaanza upya kwa hasira ileile ya zamani. Tofauti ya 2.65 ilikuwa asilimia 5 kamili ya 53. Ni kodi ya zuio, ambayo sheria ya kodi pale ilimtaka mlipaji aikate na kuipeleka serikalini kwa niaba ya mlipwaji. Fedha hizo hazijapotea. Zinahesabiwa kuwa sehemu ya kodi yake ya mapato aliyokwisha kulipa, ilimradi awe na hati kutoka kwa kampuni inayothibitisha kwamba zimekatwa na kupelekwa. Bila hati, mwisho wa mwaka atazilipa mara ya pili. Wapiga picha wengi ninaowafahamu huitupa kodi hii kwenye kundi la "walinipunja" na hawaombi hati kamwe.

Jumla, kutoka kwenye ankara iliyofutwa ya 78, zilitoka stahiki za 113. Ongezeko lote ni la mabango.

Kilichobaki kwenye lahajedwali

Sasa ana lahajedwali yenye safu ambazo hakuwa nazo: jina lililosajiliwa la mlipaji, aliyeagiza kazi, tarehe ankara ilipothibitishwa kupokelewa na uhasibu, tarehe ya kuiva, makato, na mwisho wa leseni. Hahitaji programu ya kulipia kila mwezi kwa wateja wachache alio nao, ingawa kuna zinazokumbusha zenyewe, na akifikisha ankara nyingi kwa mwezi nitambadilishia ushauri. Nukuu yake mpya ina ukurasa wa pili, na kwenye ukurasa huo kuna sentensi inayosema kwamba haki ya kutumia picha inaanza malipo ya mwisho yanapopokelewa.

Mstari wa kampuni bado haujafungwa. Hati ya kodi ya zuio haijafika, na ameiomba kwa mhasibu kwa namba ya ankara na tarehe ya malipo. Leseni ya mabango ni ya miezi sita, na ameweka tarehe ya kumwandikia ofisa masoko mwezi mmoja kabla haijaisha, safari hii akimpelekea nakala mhasibu.